Mwiria uliorudi nyumbani ndani ya kopo

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huo umenijia mara nyingi tangu siku nilipofika nyumbani kwa baba yangu, juu kidogo ya Kianjokoma katika miinuko ya Embu, nikamkuta ameketi barazani na kopo jeupe la plastiki mkononi. Alikuwa akiligeuzageuza kama mtu aliyepokea barua ya lugha asiyoijua. Juu ya kopo palikuwa na picha ya mti, na chini ya picha hiyo maandishi madogo ya Kiingereza ambayo macho yake ya miaka 74 hayangeyasoma hata kwa miwani.

"Mwanangu, nisomee," akaniambia. "Ndugu yako huniletea kutoka Meru. Aliyemuuzia alisema ni dawa ya wazee."

Nilisoma. Kila kidonge, lebo ilisema, kilikuwa na unga wa gome la Pygeum africanum, miligramu 500, pamoja na unga wa tunda la Serenoa repens. Halafu yakaja maneno matamu kuhusu afya ya mwanamume na usingizi wa usiku. Nilimfasiria baba yote niliyoweza kuyafasiri, kisha nikamrudishia kopo lake. Sikujua siku hiyo kwamba Pygeum africanum si kitu kigeni hata kidogo. Ni mwiria, ule ambao majirani zetu Wakikuyu huuita muiri, na mmoja wao umesimama hatua 30 kutoka baraza ile. Baba hufunga mbuzi wake chini yake.

Naomba msomaji aniwie radhi nikieleza mambo ya nyumbani hadharani. Baba mwenyewe ameniruhusu, kwa kuwa, alivyosema, wazee wenzake wanateseka kimyakimya. Kwa muda mrefu alikuwa akiamka usiku mara nne au tano kwenda haja ndogo, na mkojo ukitoka kwa shida. Hakumwambia mtu isipokuwa mdogo wangu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mdogo wangu naye, kwa mapenzi ya mwana kwa mzazi, akatafuta msaada alikouona karibu, akaupata ndani ya kopo. Kwa miezi 22 sehemu kubwa ya bonasi ya majani chai ya baba ilikwenda huko. Kisha usiku mmoja mkojo ukagoma kabisa. Gari la jirani lilimkimbiza hospitalini akilia kwa maumivu, mtu ambaye sikuwahi kumwona akilia. Akawekwa mpira, akapimwa, na ikabainika kwamba tezi dume ilikuwa imekua hata ikaziba njia, na kwamba figo zilikuwa zimeanza kulemewa. Tunamshukuru Mungu kwamba haikuwa saratani. Hata hivyo, dalili zile alizokuwa nazo zingeweza kuwa za saratani vilevile, na katika miezi yote 22 hakuna aliyejua.

Daktari hakutoa lawama. Aliuliza swali moja tu: "Nani alimwambia mzee kwamba vidonge hivi vinatosha?" Swali hilo ndilo lililoniingiza katika safari ninayotaka kuisimulia leo, kwa maana niligundua kwamba sikuwa na jibu, na kwamba mtu mwenye elimu ya kutosha kufundisha watoto wa wenzake anaweza kuwa mjinga kabisa mbele ya lebo ya kopo.

Nilianza na waliokuwa karibu. Mchuuzi mmoja mjini Meru, nilikofundisha kwa miaka mingi, aliniambia kwamba hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika. Sikumwambia kwamba mteja mmoja hakurudi kwa sababu alikuwa amelazwa. Kijana mmoja katika duka la dawa alinihakikishia kwamba hicho ni chakula wala si dawa, na kwa hivyo hakiwezi kumdhuru mtu. Mpwa wangu naye alitoa simu yake na baada ya dakika chache akanionyesha kurasa nyingi zenye kusifu gome la mwiria. Tulizisoma pamoja. Kila ukurasa, bila kubakisha hata mmoja, ulikuwa wa mtu mwenye kopo la kuuza. Hapo nikatambua kwamba tatizo letu si uhaba wa habari. Habari zimefurika kama Mto Thuci wakati wa masika, lakini maji ya mafuriko hayanyweki.

Aliyenitoa gizani ni mwalimu mwenzangu wa somo la botania. Alinipa funzo la kwanza, nalo ni dogo lakini bila hilo mtu hafiki popote: tafuta jina la kisayansi, tena majina yake yote. Akanifungulia kitabu cha Profesa John Kokwaro kuhusu mimea ya tiba ya Afrika Mashariki, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1976, ambacho hutaja mmea kwa jina la wanasayansi pamoja na majina ya wenyeji. Mti wetu, akanieleza, uliitwa Pygeum africanum tangu karne ya 19, lakini mwaka wa 1965 mtaalamu aitwaye Kalkman aliuhamishia katika ukoo mwingine, ukawa Prunus africana. Wauzaji wameling'ang'ania jina la zamani huku wataalamu wa misitu wakitumia jipya. Ukitafuta jina moja tu, nusu ya ukweli itakupita.

Kwa majina hayo mawili niliweza kufuata njia ya mti huo. Mwaka wa 1966 Mfaransa Jacques Debat alipata hataza ya kutumia gome lake kutibu uvimbe wa tezi dume, na baadaye likauzwa Ufaransa kama dawa yenye jina la Tadenan. Viwanda vya Ulaya vikaagiza magome kutoka Kamerun, Madagaska, na hapa kwetu Kenya pia. Miti ilichunwa hadi ikakauka ingali imesimama. Uharibifu ulizidi kiasi kwamba mwaka wa 1995 mti huo uliingizwa katika orodha ya pili ya mkataba wa kimataifa wa CITES, ambao hudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Kwa hivyo kopo la baba lilikuwa na historia ndefu kuliko nilivyodhani. Gome la miti ya milima yetu lilikwenda ng'ambo likarudi likiwa na lebo, nasi tukalinunua kwa fedha za chai. Penye miti hapana wajenzi.

Je, gome hilo hutibu? Hapa ndipo nilipotarajia jibu la ndiyo au la, nikapata jambo lenye manufaa zaidi. Maktaba ya Kitaifa ya Tiba ya Marekani, tangu mwaka wa 1997, imeufungulia umma bila malipo mkusanyiko wake wa muhtasari wa makala za utafiti, uitwao PubMed. Aidha, kuna ushirika wa watafiti uitwao Cochrane, ulioanzishwa Uingereza mwaka wa 1993, ambao kazi yake ni kukusanya majaribio yote yaliyofanywa kuhusu tiba fulani, kuyapima ubora wake, kisha kueleza kwa pamoja yanasema nini. Mwaka wa 2002 Timothy Wilt na wenzake walitoa kwa njia hiyo tathmini kuhusu gome la mwiria. Walipata majaribio 18 yaliyowahusisha wanaume 1,562.

Matokeo hayakuwa ya kudharauliwa. Katika majaribio yaliyolinganisha kiini cha gome na vidonge vilivyofanana nacho lakini visivyo na dawa ndani, wanaume waliopata gome walieleza nafuu zaidi ya maradufu ya wenzao. Safari za usiku zilipungua kwa asilimia 19. Msomaji apige hesabu: mzee aliyekuwa akiamka mara tano ataamka mara nne. Ni nafuu, lakini si muujiza. Watafiti hao hawakuishia hapo. Walisema wazi kwamba mengi ya majaribio hayo yalikuwa madogo, kwamba kwa wastani yalidumu siku 64 tu, na kwamba hayakuonyesha iwapo gome huzuia madhara makubwa ya baadaye kama vile kuzibika kwa mkojo. Baba yangu alimeza vidonge kwa miezi 22, na jambo lililompata ndilo hasa lile ambalo sayansi haikuwa imemwahidi mtu yeyote.

Lakini lipo jambo lililonishtua kuliko hayo, nalo linahusu kipimo. Watu wa Meru na Embu hawana haja ya kufundishwa somo hili na mgeni, kwa maana wameliishi kupitia miraa na muguka. Kila mkulima wa Igembe anajua kwamba miraa ikikauka hupoteza nguvu, ndiyo sababu huifunga kwa majani ya mgomba na kuikimbiza sokoni kwa magari yasiyojua breki. Wanasayansi walichelewa kuelewa. Kwa miaka mingi walichunguza majani makavu wakaona humo kemikali iitwayo kathini, isiyo na nguvu za kutosha kueleza msisimko wa mlaji. Ni mwaka wa 1975 tu ndipo maabara ya Umoja wa Mataifa ilipotambua katika majani mabichi kemikali nyingine, kathinoni, ambayo jani likinyauka hugeuka kuwa kathini. Mti ni ule ule na jani ni lile lile, lakini namna lilivyohifadhiwa hubadilisha kilichomo ndani. Mkulima alilijua hilo kwa ulimi wake, na maabara ikalithibitisha kwa mizani.

Basi tuuchukue mzani huo tuupeleke kwenye kopo la baba. Majaribio 18 niliyoyataja hayakutumia unga wa gome. Yalitumia kiini kilichotolewa gomeni kwa viyeyusho vya kiwandani, kwa kuwa kemikali zinazodhaniwa kufanya kazi, zikiwamo beta-sitosteroli na jamaa zake, ni za aina ya mafuta na haziyeyuki vizuri majini. Mgonjwa alipewa kiasi cha miligramu 75 hadi 200 za kiini hicho kwa siku. Kupata kilo moja ya kiini huhitaji takribani kilo 200 za gome kavu. Kwa hesabu hiyo, miligramu 100 za kiini hutoka katika gramu 20 za gome. Kopo la baba lilimtaka ameze vidonge viwili vya unga kwa siku, yaani gramu moja ya gome, sawa na sehemu moja ya 20 ya kipimo hicho. Lebo haikusema uongo. Jina la mti lilikuwa sahihi, na labda hata uzito. Lakini sifa zilizotangazwa zilikuwa za kitu kingine kilichojaribiwa kwingine, na aliyezitangaza alijua kwamba mzee wa Kianjokoma hatachukua kalamu kupiga hesabu. Kwa sababu iyo hiyo, anayechemsha gome la mwiria kwa maji jikoni asidhani anakunywa kilichopimwa katika majaribio yale.

Na yule mwenzake wa pili koponi, Serenoa repens? Huo ni mmea mfupi wa jamii ya mikoma unaomea Marekani, hasa Florida. Nao ulisifiwa sana kutokana na majaribio madogo ya awali. Kisha watafiti wakafanya makubwa na ya makini zaidi. Mwaka wa 2006 matokeo ya jaribio la wanaume 225 waliofuatiliwa kwa mwaka mzima yalionyesha kwamba haukuwa bora kuliko kidonge kitupu. Mwaka wa 2011 jaribio jingine la wanaume 369 liliongeza kipimo hadi mara tatu, na jibu likawa lile lile. Hapa pana funzo la pili: jaribio dogo ni kama mvua ya kwanza. Humfurahisha mkulima, lakini mwenye busara hapandi mbegu zote kwa mvua hiyo.

Msomaji anaweza kuuliza, serikali ziko wapi? Huko Marekani, yanakotoka makopo mengi, sheria ya mwaka wa 1994 iliviweka virutubishi vya ziada katika kundi la vyakula, hivyo muuzaji hatakiwi kuthibitisha kwamba bidhaa yake inafanya kazi kabla ya kuiuza. Watafiti waliochunguza kumbukumbu za mamlaka ya dawa ya nchi hiyo za kati ya 2007 na 2016 walikuta virutubishi 776 vilivyotiwa dawa za hospitalini kwa siri, vingi vikiwa vya nguvu za kiume na vya kupunguza unene. Neno "asilia" juu ya lebo halikuwazuia waliofanya hivyo. Hapa Kenya tunayo Bodi ya Dawa na Sumu, na mnunuzi ana haki ya kuuliza iwapo bidhaa imesajiliwa. Hata hivyo, kusajiliwa kwa kirutubishi si cheti kwamba kinatibu.

Wala tusijidanganye kwamba ni wauza makopo pekee wanaoweza kutupotosha. Taifa hili lina kumbukumbu. Mwaka wa 1990 Kemron ilitangazwa kwa shangwe, mbele ya Rais Daniel arap Moi, kuwa tiba ya kutumainiwa dhidi ya Ukimwi. Wagonjwa walikuja kutoka mbali. Majaribio yaliyofuata chini ya Shirika la Afya Duniani hayakuthibitisha sifa zile. Tangazo, hata likitoka kwenye jukwaa la juu kabisa, si ushahidi.

Sasa, mtu wa kawaida afanye nini? Sidai kwamba kila mkulima wa Runyenjes au Maua awe mtafiti. Nasema ajizoeze maswali machache, kama anavyojizoeza kumkagua ng'ombe kabla ya kumnunua. Kwanza, jina la kisayansi la kitu hiki ni lipi, nacho ni unga au kiini? Pili, kilijaribiwa kwa watu wangapi, kwa muda gani, na kililinganishwa na nini? Tatu, je, kipimo kilicho koponi ndicho kilichojaribiwa? Nne, anayenieleza haya anapata nini nikinunua? Asiyeweza kusoma mwenyewe amtume mwana au mjukuu anayesoma, ampe maswali hayo, amwambie asirudi na jibu lililoandikwa na muuzaji. Na kabla ya yote, aende akapimwe. Kidonge hakina macho. Hakiwezi kutofautisha tezi iliyokua kwa uzee na tezi yenye saratani.

Kwa upande mwingine, wapo wanaodaiwa zaidi ya mkulima. Eneo hili halina upungufu wa elimu. Kuna Chuo Kikuu cha Embu, kuna Chuka, kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kuna kile cha Methodisti. Katika vyuo hivyo wamo watu wanaoweza kusoma tathmini ya mwaka wa 2002 kwa saa moja na kuiandika upya katika ukurasa mmoja wa Kiswahili, Kimeru au Kiembu, ukabandikwa katika zahanati, katika maktaba, na katika vituo vya kupimia majani chai ambako wazee hukutana kila siku. Muuza makopo anamfikia mzee kwa lugha anayoielewa, tena kwa heshima na upole. Mtaalamu anamwandikia mtaalamu mwenzake, kwa Kiingereza. Tukishangaa ni kwa nini uongo umetangulia, hilo ndilo jibu.

Baba amefanyiwa upasuaji na sasa analala usiku. Nilipomweleza yote niliyoyapata alisikiliza hadi mwisho, kisha akanyoosha kidole kuelekea mti wake. "Kwa hivyo mwiria ni bure?" akauliza. Nikamwambia la, si bure. Kuna nafuu ndani yake iliyopimwa, ndogo na yenye mipaka, na mpimaji mkweli ameitaja mipaka hiyo. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba msimu wa mvua ujao angependa tupande mingine mitano kando ya mto, kwa maana ndege wanayapenda matunda yake, na kwa hilo hahitaji kusomewa lebo yoyote.

Lile kopo bado liko dirishani, limejaa misumari. Nililiomba, akanikatalia. Asema kila mzee mwenzake akija na kopo lake, atamwonyesha lile kwanza, kisha amuulize maswali manne.